Siri za Lupango: Safari Yangu ya Kwanza Lubumbashi

Foleni ya malori ilianza kabla hatujauona mpaka. Tulipoipita Chililabombwe, upande wa Zambia, basi letu lilianza kupenya pembeni mwa magari yaliyosimama, mengi yakiwa na namba za Tanzania, madereva wakisonga ugali kando ya matairi. Yanayoingia Kongo yalibeba salfa na mashine za migodi. Yanayotoka yalibeba shaba, sahani juu ya sahani zilizofungwa kwa mikanda ya chuma, zikielekea bandari ya Dar es Salaam nilikotoka mimi. Barabara hii nilikuwa naijua kwenye makaratasi tu. Nimethamini yadi na maghala mengi ya watu wanaoishi kwa biashara ya Katanga, lakini sikuwahi kufika kule mali inakotoka.

Mteja wetu ni msafirishaji. Alikuwa anataka kununua nyumba yenye kiwanja kikubwa Lubumbashi, na benki yake ya Dar es Salaam haikuwa tayari kumwongezea mkopo kabla ya kujua thamani ya anachokinunua. Mimi ni mthamini niliyesajiliwa nchini kwangu chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016, na usajili huo hauvuki mpaka. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini muhuri wangu hauna nguvu yoyote Kasumbalesa, mpakani upande wa Kongo. Kwa hiyo ripoti ingesainiwa na mtaalamu wa Lubumbashi, nami ningekagua naye nyumba, kisha niieleze benki kwa lugha na taratibu inazozizoea.

Kabla sijaondoka, ofisi yetu na yake zilisaini barua ya makubaliano ya kazi. Ilikuwa na kurasa chache tu: mteja ni nani, ripoti itamfikia nani, michoro na picha ni mali ya nani, na nani ataruhusiwa kufungua faili baada ya kazi kwisha. Niliiweka kwenye mkoba mmoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Wenzangu wengi huiona barua kama hiyo kuwa urasimu. Mimi huiona kuwa ndiyo kazi yenyewe inapoanzia, na safari hii ilinithibitishia hivyo hata kabla sijavuka.

Kwenye dirisha la uhamiaji afisa alitaka kujua ninakwenda kufanya nini. Nikamwambia, uthamini wa nyumba. Nyumba ya nani? Nilimpa barua ya mwaliko ya ofisi ya mwenyeji wangu, yenye anwani na simu, nikamwambia kwa heshima kwamba mwenye ofisi hiyo ndiye anayewajibika kwa ziara yangu, na jina la mwenye nyumba si langu kulitoa. Alinitazama kidogo, akaisoma barua upya, akagonga muhuri. Hakukasirika. Nadhani mtu anayeshinda mpakani anaelewa upesi kuliko wengi kwamba si kila taarifa unayoibeba ni mali yako.

Kutoka Kasumbalesa hadi mjini ni kama kilomita 90. Nilirudisha saa yangu, iliyokuwa bado ya Dar es Salaam, nyuma kwa saa moja, nikatazama vichuguu. Sijawahi kuona vichuguu vya ukubwa ule: vingine vinapita paa la nyumba, na juu yake imeota miti. Udongo wake ndio wanaofyatulia matofali, na vingi vimechimbwa ubavu mmoja. Mthamini hawezi kuvitazama bila kuwaza mchwa, misingi ya nyumba na mbao za paa, nami niliwaza hivyo njia nzima hadi lilipotokea bomba refu la moshi la kiwanda cha kuyeyushia shaba na kando yake mlima mweusi wa mabaki yake. Kampuni ya migodi ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, mji wenyewe mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na tangu 1966 unaitwa Lubumbashi. Hivi sasa ndio makao makuu ya Haut-Katanga, mkoa uliozaliwa Katanga ilipogawanywa mwaka 2015.

Mwenyeji wangu alinipokea stendi. Ni mzee wa makamo ya baba yangu mdogo, na kwa desturi ya pale nilimwita Papa, naye akaniita Mama tangu salamu ya kwanza: “Jambo sana, Mama.” Alinizungusha mjini kabla ya kunipeleka hotelini, kwa sababu, alisema, bei za nyumba hapa huwezi kuzielewa bila kujua mji ulivyokatwa. Tulipita kwenye barabara pana za mjini zenye mijakaranda, zilizokuwa za Wazungu, kisha tukavuka eneo ambalo serikali ya kikoloni ililiacha wazi katika miaka ya 1920 ili kuwatenga Weusi na Weupe, tukaingia Kamalondo, mtaa mkongwe wa Waafrika. Ukanda ule wa utengano umejengwa siku nyingi, lakini bado unausikia kwenye bei.

Kesho yake tulikwenda kwenye nyumba. Iko katika komuni ya Kampemba, na zaidi ya hapo sitasema. Ndani ya lupango, kama wanavyouita uwanja wa nyumba, kulikuwa na mwembe, kisima, na mama mjane aliyetungoja barazani na chupa ya chai. Sheria ya ardhi ya Kongo ya 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ni mali ya dola. Raia anaweza kupewa haki ya kudumu juu ya kiwanja, na mgeni hupewa haki ya muda usiozidi miaka 25 inayoweza kuongezwa. Hilo peke yake linabadilisha thamani, kwa kuwa mnunuzi wetu Mtanzania asingepata haki ileile aliyokuwa nayo muuzaji. Mama alitoa sertifika ya usajili kutoka kwenye bahasha ya plastiki, akaishika kwa mikono miwili, akampa Papa. Ilikuwa na jina la marehemu mumewe.

Tulipima. Papa alishika ncha moja ya utepe, mimi nyingine, na mtoto wa jirani alitufuata kila kona. Nilipiga picha za nyufa juu ya dirisha la jikoni, na za mbao za dari ambazo mchwa walikuwa wamezila hadi zikabaki ganda. Ukizigusa kwa bisibisi, zinatoa vumbi. Sebuleni kulikuwa na picha za harusi na kalenda ya kanisa. Niliomba ruhusa kuziondoa ukutani kabla ya kupiga, kisha nikazirudisha. Kwenye kabati la chumba cha kulala niliona dawa. Nilipiga picha ya ukuta wa pili.

Nieleze kwa nini. Picha ninayoipiga ni kazi yangu, na kwa sheria ya hakimiliki ni mali yangu au ya mwajiri wangu. Lakini kuwa mali yangu hakunipi ruhusa ya kumwanika aliyemo ndani yake. Watu huzichanganya haki hizi mbili kila siku, hata watu wa fani yetu, nami nimeshaona picha za vyumba vya watu zikipamba matangazo ya ofisi za uthamini eti kwa sababu waliozipiga ni wao. Mwenye nyumba hakumfungulia mlango mpiga picha. Alimfungulia mtu aliyetumwa kupima.

Tulipokuwa tunamaliza chai, yule mama aliinama kwangu akasema kwa sauti ya chini: “Mama, ile bei, usiambie muntu. Bandugu bakisikia, tutagombana.” Kisha akataka kuendelea kueleza habari za ndugu wa mumewe.

Nilimzuia kwa upole. Nilimwambia kwamba bei sitamwambia ndugu wala jirani, wala hata yeye, kwa kuwa aliyetutuma ni mwingine na ripoti ni ya huyo. Lakini chochote kinachoigusa haki ya kuuza nyumba ile, nikikisikia, nitalazimika kukiandika kwa ajili ya aliyetutuma. Basi achague mwenyewe la kunieleza. Alinyamaza, akamtazama Papa, na Papa akaitikia kwa kichwa. Akaniambia machache, akayaacha mengine.

Nimelifikiria sana jambo hilo tangu siku ile. Vitabu vyetu vya maadili, pamoja na kanuni za baraza la kimataifa la viwango vya uthamini, vinataja usiri kwa mteja, na mjane hakuwa mteja wetu. Kwa tafsiri kavu hatukumdai wala hakutudai. Mimi siikubali tafsiri hiyo. Sheria ya familia ya Kongo ya 1987 inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya urithi, na robo inayobaki inawahusu mjane, wazazi na ndugu wa marehemu kwa mafungu. Maana yake ni kwamba tarakimu tutakayoiandika, ikitoka nje, inaweza kuwaleta watu mlangoni kwa mjane kabla hata hajauza. Mgogoro wa warithi ni habari ya mnunuzi, na kumficha ni kumdanganya. Ugonjwa wa mjane, machozi yake, deni la shule la mtoto wake si habari ya mtu yeyote. Mstari unapita hapo, na ni wajibu wa mthamini kuutangaza kabla mtu hajafungua kinywa, si baadaye.

Na katika mji huu usiri una uzito wa pekee. Papa alinikumbusha 30 Novemba 1973, Rais Mobutu alipotangaza kwamba biashara na mali za wageni zitakabidhiwa kwa wananchi. Wagiriki, Wareno na wengine waliokuwa wengi hapa wakapoteza maduka na majengo. Akanikumbusha tena miaka ya 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa kwa maelfu Likasi na Kolwezi, nyumba zikauzwa kwa bei ya kutupa au zikaachwa na vyungu mekoni. Nyakati kama hizo, karatasi inayoonyesha nani ana nini na ina thamani gani ni silaha. Hakuna aliyewahi kunieleza wajibu wa kutunza faili namna hiyo darasani Dar es Salaam.

Baada ya hapo ikaja kazi ngumu ya mji wowote: mauzo ya kulinganisha. Huwezi kusema nyumba ina thamani fulani bila kujua zinazofanana nayo zimeuzwaje. Nyumba hapa hutajwa kwa dola, lakini bei inayoandikwa kwenye mikataba mara nyingi ni pungufu ya iliyolipwa, ili kupunguza gharama za kubadili hati. Makomisionere, yaani madalali wa nyumba, wanajua bei halisi, ila wanazijua kwa masikio. Wathamini wanazijua kwa nyaraka, ila nyaraka zao zimefungwa kwa usiri uleule ninaoutetea.

Komisionere mmoja, kijana mchangamfu wa suruali iliyopigwa pasi, alisikia tunatafuta bei za mtaa ule. Akatupeleka kwenye kibanda cha fotokopi, kile chenye meza, kompyuta kuukuu na jenereta mlangoni. Ana ripoti, alisema, ya nyumba ya barabara hiyohiyo, bado mupya. Mwenye kibanda akatoa kurasa zilizobanwa kwa pini.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa nakala ya nakala. Mahali pa tarehe palikuwa pamepakwa wino mweupe, na juu yake imepigwa tarehe nyingine kwa herufi zisizolingana na zile za chini. Jina la mwandishi lilikuwa limekatwa kwa kukunja karatasi wakati wa kunakili. Ulibaki mkia wa saini. Lakini jina la mwenye nyumba lilikuwepo zima, na kiasi alichotaka kukopa, na kodi anayolipwa na mpangaji. Nilianza kuirudisha. Papa akaushika mkono wangu, akafunua ukurasa wenye ramani ya kiwanja, akanyamaza muda mrefu. Kwenye kona palikuwa na mshale wa kaskazini uliochorwa kwa mkono, una kivuli upande mmoja na nukta tatu chini yake. Nilikuwa nimeuona asubuhi ileile kwenye daftari lake.

“Hii ni yangu,” alisema.

Hakupandisha sauti. Aliuliza ilifikaje pale, na mwenye kibanda akajibu bila kuficha: mteja alikuja kuchapisha nakala za benki, faili likabaki kwenye kompyuta, watu wakaulizia, akauza. Wala hakuona kosa. Kwake ni karatasi kama fomu za shule na barua za kuomba kazi. Papa alimweleza makosa mawili, moja baada ya jingine, kama mtu anayemfundisha mwanawe. La kwanza ni la maandishi. Kongo ina sheria ya haki za waandishi tangu 5 Aprili 1986, na maelezo ya nyumba, ramani na picha ni kazi ya aliyeziandika na kuzichora. Kuzinakili ili kuziuza, kumfuta jina na kubadili tarehe yake ni kumnyang'anya. La pili ni kubwa zaidi, la mwenye nyumba, kwa kuwa siri za fedha zake zinauzwa pamoja na maandazi. Akamtajia kifungu cha 73 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomwadhibu mtu anayetoa siri aliyokabidhiwa kwa sababu ya kazi yake, na akasema yeye Papa hukihesabu kinamhusu kila siku anapofungua kabati la ofisi yake.

Faili lilifutwa mbele yetu, na pipa la kompyuta likamwagwa. Papa alizichukua nakala zote zilizokuwepo. Jioni alimpigia simu mwenye nyumba ile, akamwambia kila kitu, ingawa uvujaji haukutoka mikononi mwake. Nilimheshimu sana kwa simu hiyo.

Je, tungeweza kuitumia ile bei? Tarakimu yenyewe haina hakimiliki. Ukweli wa kwamba nyumba imethaminiwa kwa kiasi fulani si utunzi wa mtu, na Mahakama ya Juu ya Marekani ililisema hilo waziwazi mwaka 1991 katika kesi ya Feist, iliyohusu kitabu cha namba za simu: jasho la kukusanya ukweli halimpi mkusanyaji umiliki wa ukweli huo. Kinacholindwa ni namna ulivyouandika. Kwa hiyo upande wa hakimiliki tungepita. Upande wa siri tusingepita, na sisi wawili tulikubaliana bila mabishano. Taarifa iliyoibwa haiwi halali kwa kuwa inatufaa.

Lakini siwezi kuishia hapo, maana mthamini asiye na mauzo ya kulinganisha anabahatisha, na kubahatisha ni kumuumiza mteja. Tulikaa ofisini kwa Papa, bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, mezani, tukatafuta njia. Yeye ana mauzo ya miaka mingi kwenye daftari zake. Tukaamua atoe ya wateja waliomruhusu kwa maandishi, na kwa hao pia aondoe jina, namba ya kiwanja na siku, abakize mtaa, ukubwa, aina ya haki, hali ya jengo na robo ya mwaka. Ndipo nikauliza kuhusu moja aliyoiandika “yenye bwawa la kuogelea.” Mtaa ule una bwawa moja. Kufuta jina kulikuwa hakujaficha kitu. Kila mpita njia angejua ni nani. Tukaiondoa kabisa kwenye jedwali, japo ndiyo iliyokaribiana zaidi na yetu, na ripoti ikasema wazi kwamba ushahidi ni mchache na kwa hiyo thamani inatolewa kwa kadirio la chini na la juu. Ningependa bodi zetu za wathamini, Dar es Salaam na kwingineko, zijenge hazina ya pamoja ya mauzo yaliyosafishwa namna hiyo. Kila mmoja akikalia daftari lake peke yake, makomisionere ndio wataalamu wa bei na sisi ni waandishi wao.

Katika maongezi ya jioni hiyo Papa alinitajia kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili cha mji huu mwaka 1965, historia ya Élisabethville iliyokusanywa na André Yav kwa ajili ya watumishi wa majumbani. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri mwaka 1990, na jina la Yav likabaki kwenye jalada. Watumishi wale walikuwa ndani ya nyumba za Wazungu kila siku, wakijua kila kitu, na walipoamua kuandika, waliandika habari za mji na za maisha yao wenyewe. Jina la Yav lilisalia juu ya kazi yake. Papa alikuwa bado anaukumbuka ule mkunjo wa karatasi ya fotokopi uliolikata jina lake.

Ripoti tuliigawa hivi: maelezo ya jengo na ramani ni yake na jina lake, uchambuzi kwa ajili ya benki ni wangu na jina langu, kila ukurasa una jina la mteja, kusudi la uthamini na onyo la kutonakili sehemu yake bila idhini ya maandishi. Mteja anapolipia, anapata haki ya kuitumia kwa kusudi lililotajwa. Hanunui haki ya kuibadili, na haki ya mwandishi kutajwa na kazi yake kutopotoshwa haihami kwa malipo, si kwa sheria ya Kongo wala kwa yetu ya 1999.

Simu ya mteja ilinikuta kwenye foleni ya Kasumbalesa nikirudi. Alikuwa ameipata ripoti, ameipenda, na sasa anaomba faili linaloweza kuhaririwa, ili amwonyeshe mshirika wake wa Ndola kipande chenye bei, bila zile kurasa za mchwa na warithi. Nilimwambia haiwezekani: kipande bila kurasa zile si ripoti yetu tena, na mambo ya yule mama hayakuandikwa kwa ajili ya mshirika wa Ndola. Akitaka, amtaje mshirika huyo kwa jina, sisi na Papa tutamwandikia barua ya kumruhusu kuitegemea ripoti nzima, naye asaini kwamba ataitunza kama anavyoitunza yeye. Alilalamika kidogo kuhusu gharama. Kabla basi halijafika dirishani, alinitumia jina na anwani ya mshirika, nikazipeleka kwa Papa aanze kuandika barua.